Uchambuzi wa kisa: Ice Cube na mkataba aliokataa kusaini 1989

Kwa nini kisa hiki

Watu wakiongelea gangsta rap ya Los Angeles wanakimbilia bunduki, polisi na kesi, na sawa, vyote vilikuwepo. Ila ukifuatilia maisha ya rapa Ice Cube kwa utulivu unakuta jambo lililomfanya awe huyu tunayemjua leo, mwigizaji, prodyuza wa sinema, mwenye ligi yake ya kikapu, halikutokea mtaani wala jukwaani. Lilitokea mezani, jamaa ana miaka 20, karatasi iko mbele yake na cheki pembeni, yeye anasema hapana, hii mpaka mwanasheria aisome kwanza. Nimekichukua hicho kitendo kimoja, na yaliyotangulia na yaliyofuata, kwa sababu meza ile bado ipo na wasanii bado wanaikalia, huku kwetu pia.

Kabla hatujaenda mbele, wanaojulikana na umma nimewaacha na majina yao, haya mambo yako wazi zaidi ya miaka 30. Ndugu, marafiki wa shule na watu wa kawaida waliopitia kwenye kisa nimewatoa majina.

Usuli

O'Shea Jackson, ndiye Ice Cube, alizaliwa Juni 1969, akakulia South Central, Los Angeles. Wengi wanamwita mtoto wa Compton kwa sababu ya jina la albamu ya kundi lake la N.W.A, Straight Outta Compton, si kweli, Compton ni mji mwingine wenye meya wake na halmashauri yake. Nyumbani walikuwepo baba na mama, mama karani hospitalini, baba anatunza viwanja chuo cha UCLA. Sio familia ya hela, ila sio ya kulala njaa, na nyumba ilikuwa na utaratibu. Sekondari alikuwa anabebwa na basi mpaka Taft High School, Woodland Hills, kule San Fernando Valley kwa wenye nazo, asubuhi anaondoka South Central jioni anarudi. Kila siku ya shule anaona pande mbili za mji mmoja, na mimi naona ndiyo maana mistari yake tangu mwanzo ina jicho la mtu anayelinganisha.

Kuandika kulianzia darasa la taipu. Rafiki aliyekaa pembeni yake akamchokoza, haya andika rapu na mimi niandike tuone nani mkali, Cube akashinda, na toka hapo hakuacha. Akaanzisha kundi la C.I.A. na washkaji wawili, mmoja wao Sir Jinx, binamu wa Dr. Dre, na kwa njia hiyo akaingia kwenye mzunguko wa Dre ambaye wakati huo tayari alikuwa DJ na prodyuza wa kundi la World Class Wreckin' Cru.

Sasa hapo anaingia Eric Wright, yaani Eazy-E. Huyu ndiye alikuwa wa Compton kweli, na kwa maelezo yake mwenyewe hela ya kuanzishia lebo aliipata kwa kuuza madawa. Hakuwa rapa. Alikuwa mtu mwenye mtaji anayetafuta biashara. Cube aliandika wimbo wa Boyz-n-the-Hood kwa ajili ya kundi moja la New York, wale jamaa wakaukataa kwamba hawaelewi hayo mambo ya West Coast, studio imeshalipiwa, biti ipo, hakuna wa kuimba. Dre akamsukuma Eazy aingie yeye. Eazy hajawahi kurekodi maisha yake, ikabidi arekodiwe mstari mmoja mmoja, anasema mmoja wanasimamisha, anasema mwingine wanasimamisha, Dre anaunga. Ndiyo wimbo ulioipa Ruthless Records miguu, mwaka 1987. Shika hilo maana litarudi, sauti ya Eazy, lebo ya Eazy, maneno ya Cube.

Na kuna kitu watu wanakiruka kwenye hii stori. Mwaka huohuo wa 1987, wakati mambo yanaanza kuchangamka, Cube akafunga begi akaenda Phoenix, Arizona, kusomea uchoraji wa ramani za majengo kwenye chuo cha ufundi, akasoma mwaka mmoja akamaliza, akarudi 1988. Alitaka kazi ya kushika mkononi kama muziki utabuma. Kumbuka hii ni 1987, hakuna aliyekuwa anajua kama rapu ya Los Angeles itauza nje ya Los Angeles.

Hela ilikuwa inapita wapi

Hapa inabidi tukae kidogo, bila hii sehemu kisa kizima kinaonekana ni ugomvi wa vijana.

N.W.A ilikuwa kundi, Eazy, Dre, Cube, MC Ren, DJ Yella, na mwanzoni Arabian Prince. Ruthless ilikuwa kampuni, na kampuni ilikuwa ya Eazy. Pembeni ya Eazy alikuwepo Jerry Heller, wakala mzoefu wa zama za rock aliyewahi kushughulika na ziara za Elton John na Pink Floyd Marekani, inasimuliwa Eazy alimlipa mmiliki wa Wreckin' Cru dola 750 ili tu amkutanishe naye. Heller akawa anaendesha mambo ya lebo na wakati huohuo ni meneja wa kundi. Soma hiyo tena. Mtu anayetakiwa kukupigania kwa lebo ndiye huyohuyo anayeiendesha lebo. Usambazaji ulikuwa mikononi mwa Priority Records ya Bryan Turner, lebo ndogo ya Hollywood ambayo kabla ya hapo hela yake kubwa ilitokana na albamu ya California Raisins, vikatuni vya zabibu kavu vinavyoimba, sitanii.

Kwahiyo mnunuzi akitoa hela dukani inakatwa ya duka, inakatwa ya msambazaji, inafika Ruthless, Ruthless inatoa gharama zake, Heller anatoa asilimia yake, Eazy anabaki na ya mwenye kampuni, halafu ndiyo wanaangaliwa wengine. Hakuna mahali hapo panapohitaji mtu kuiba. Mfumo wenyewe unatosha kukuacha mkavu kama hujui umesaini nini, au mbaya zaidi kama hujasaini chochote na unaishi kwa kuaminiana.

Upande wa waandishi kuna hesabu nyingine, na hii ndiyo inamgusa Cube zaidi. Marekani mwaka 1988 na 1989 kiwango cha kisheria cha mwandishi kilikuwa senti 5.25 kwa kila wimbo kwa kila kopi. Straight Outta Compton ilitunukiwa platinamu Julai 1989, yaani kopi milioni moja. Piga, senti 5.25 mara milioni moja ni dola 52,500 kwa wimbo mmoja. Lebo nyingi zilikuwa zinaandika kwenye mikataba kwamba zitalipa robo tatu tu ya kiwango, kwahiyo iwe dola 39,375. Nusu iende kwa aliyetengeneza muziki, nusu kwa maneno, na tuseme maneno yenyewe waligawana wawili. Mwandishi mmoja anabaki na kama dola 9,800 kwa wimbo mmoja. Huu ni mfano wa hesabu tu, sio mkataba wao halisi, ila ona, nyimbo 4 za namna hiyo zinakaribia dola 40,000, na hapo hatujagusa hela ya kuimba, ya shoo, wala ya albamu ya Eazy mwenyewe.

Cube aliandika karibu nusu ya maneno ya Straight Outta Compton, na mchango wake kwenye albamu ya Eazy, Eazy-Duz-It, ni mkubwa vilevile. Kwa maelezo yake, alichokuwa amelipwa mpaka anafikia kulalamika ni kama dola 32,000.

Mtiririko wa matukio

Dalili ya kwanza ilitoka kwa Arabian Prince. Huyu alikuwa ameshatoa nyimbo zake kabla ya N.W.A na alikuwa amezoea kupokea mirabaha yake kila robo mwaka na karatasi ya mahesabu juu. Alivyoona huku muziki unauza lakini hiyo karatasi haiji akauliza, majibu hayakumridhisha, akaondoka 1988. Hakupiga kelele, na kwa sababu hakupiga kelele wenzake hawakujifunza kitu kutoka kwake. Mimi hapa ndipo naona kisa kingeweza kuisha kwa amani, kama kundi lote lingekaa siku ile na kuuliza swali lilelile.

Mwaka 1989 ukawa wa fujo. Albamu inapaa bila redio, MTV inagoma video yao. Tarehe 1 Agosti ofisa wa FBI anaitwa Milt Ahlerich anawaandikia Priority barua kulalamikia wimbo wao kuhusu polisi. Barua ilikusudiwa kuwatisha, ikawa tangazo la bure. Kwenye ziara polisi wa miji mbalimbali wanawapa masharti wasiuimbe, Detroit wakaanza kuuimba, askari wakavamia kuelekea jukwaani, shoo ikaishia hapo.

Sasa fikiria kijana wa miaka 20 ndani ya hiyo ziara. Kumbi zimejaa, magazeti yanakuandika, serikali inakuandikia barua, halafu unarudi nyumbani kwa mama, kwenye chumba chako kilekile. Cube akaanza kuuliza. Na kwenye kipindi hicho ndipo Heller akaleta mikataba kwa wasanii. Cube amesimulia mara nyingi kwamba ilikuja na cheki ya dola 75,000, saini hapa chukua hiki. Dola 75,000 mwaka 1989, kwa mtu ambaye hajawahi kushika hata nusu yake.

Wengine wakasaini. Cube akasema anataka mwanasheria wake aisome. Alivyofuatilia akakuta mambo ambayo hayakukaa sawa, mojawapo ni kwamba karatasi hazimtambui kama mwanachama wa N.W.A. Yaani mtu aliyeandika karibu nusu ya albamu, kwenye maandishi hayumo kwenye kundi.

Desemba 1989 akatoka, kundi na lebo kwa pamoja. Akamshtaki Heller, na ile kesi iliishia kwenye makubaliano nje ya mahakama.

Maamuzi, na kwa nini aliyafanya

Uamuzi wa kwanza, kutosaini, tumeshauona. Ninachotaka uone ni kwamba aliweza kukataa dola 75,000 kwa sababu alikuwa na pa kuangukia. Anaishi kwao, hana deni la gari la kifahari, ana cheti cha uchoraji wa ramani, na zaidi ya yote ana daftari. Maneno yalikuwa yanatoka kichwani mwake. Eazy bila Cube alihitaji mwandishi mwingine, Cube bila Eazy alihitaji biti tu.

Wa pili, alimsikiliza mtu wa ndani ya tasnia asiyekula kwenye sahani moja na Heller. Pat Charbonnet alikuwa anafanya kazi ya habari kule Priority, ameona lebo zinavyofanya kazi, baadaye ndiye akawa meneja wake na mshirika kwenye kampuni. Sio mshkaji wa mtaani wala ndugu. Mtu anayejua karatasi.

Wa tatu ndio naupenda kuliko yote. Alitoka Ruthless lakini akabaki na Priority. Watu wakiondoka kwa hasira huwa wanachoma kila kitu, yeye akatenganisha, nani ananidhulumu na nani ananipeleka dukani. Priority walikuwa wanajua kuuza aina hii ya muziki, walikuwa wameshavumilia barua ya FBI, maduka yanawajua. Kwahiyo albamu yake ya kwanza peke yake ikapita barabara ileile iliyopitisha N.W.A, ila safari hii kituo cha Ruthless hakipo katikati.

Wa nne, biti. Alitaka Dre amtengenezee, na Dre alikuwa tayari, ila Ruthless hawakukubali, Dre alikuwa amefungwa kwao. Basi Cube akapanda ndege kwenda New York. Pale ofisi za lebo ya Def Jam alikuwa na miadi na prodyuza mmoja, Sam Sever, jamaa hakutokea. Kwenye hangaika hiyo akakutana na Chuck D wa kundi la Public Enemy, Chuck akamwalika studio kurekodi wimbo na Big Daddy Kane, na kupitia hapo akaunganishwa na Bomb Squad, wale waliokuwa wanajenga yale makelele ya Public Enemy. Alifika na madaftari yamejaa, mengine ni mistari aliyokuwa ameiandika kwa ajili ya Eazy. Kwa macho ya wakati ule ni jambo la ajabu, rapa wa Los Angeles kwenda kupikiwa albamu New York. Ila ona alichokipata, sauti ambayo hakuna mtu angeweza kusema ni N.W.A iliyopungua.

Wa tano, kunyamaza. AmeriKKKa's Most Wanted ilitoka Mei 1990 na ndani yake hakuna wimbo wa kuwadisi wenzake. Kila mtu alikuwa anasubiri. Hakutoa. Alikuwa na kesi inaendelea na alikuwa na la kuthibitisha kwanza, kwamba anaweza kusimama mwenyewe.

Matokeo

Albamu ilifika namba 19 kwenye chati kuu ya Billboard, ikapata dhahabu haraka na baadaye platinamu, tena bila redio. Miezi 5 toka atoke kundini.

Wenzake ndio walianza maneno. Kwenye EP, yaani albamu fupi, ya Agosti 1990 wakamwita Benedict Arnold, yule jenerali wa Marekani aliyewasaliti wenzake akahamia kwa Waingereza wakati wa vita vya uhuru, na kwenye albamu ya 1991 wakarudia. Albamu hiyo ya N.W.A ilikwea mpaka namba 1, kwahiyo hakuna anayeweza kusema walikufa njaa bila Cube. Ila ndiyo ikawa albamu yao ya mwisho.

Julai 1991 Cube akatokea kwenye sinema ya Boyz n the Hood ya John Singleton kama Doughboy, na watu wakaona kumbe jamaa anaigiza. Oktoba akatoa Death Certificate, ikaingia namba 2, na humo sasa ndimo akajibu kwa No Vaseline. Novemba 1992 The Predator ikaingia moja kwa moja namba 1. Mwaka 1995 akaandika sinema ya Friday na DJ Pooh, bajeti dola milioni 3.5 hivi, mtaa mmoja, kibaraza kimoja, washkaji wawili wamekaa hawana kazi, ikaingiza zaidi ya milioni 27. Kijana aliyekuwa haonekani kwenye karatasi za N.W.A akawa mwandishi, prodyuza na mwigizaji mkuu wa filamu yake mwenyewe, na toka hapo hakuna aliyemletea mkataba akiwa hana pa kushika. Sinema ya Barbershop, sinema za watoto, kampuni yake ya filamu Cube Vision, ligi ya kikapu ya BIG3 mwaka 2017, vyote vimejengwa juu ya tabia ileile ya kutaka kuandika na kumiliki kabla ya kuonekana.

Mwaka 2015 sinema ya maisha ya N.W.A ikatoka, Cube na Dre wakiwa miongoni mwa maprodyuza, mtoto wa Cube anamwigiza baba yake, ikapita dola milioni 200 duniani. Heller, ambaye maisha yake yote alikana kumwibia mtu, akafungua kesi ya dola milioni 110 akisema wamemchafua. Jaji akatupa sehemu kubwa ya madai yale, na Heller akafariki Septemba 2016. Yaani karatasi ya 1989 ilikuwa bado inapeleka watu mahakamani miaka 26 baadaye.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Wanaompenda Cube wanasema alikuwa jasiri. Mimi sidhani ujasiri ndio jibu, kundi lile lote lilikuwa na watu majasiri, walikuwa wanaimba kuhusu polisi mbele ya polisi. Alichowazidi ni subira ya kusoma, na alikuwa na mambo matatu kwa wakati mmoja: kazi isiyofanyika bila yeye, matumizi madogo, na mtu wa kumsomea karatasi. Ukitoa moja tu mambo yanabadilika. Angekuwa na deni angesaini. Angekuwa anaimba maneno ya mtu mwingine angetoka na kupotea, kama wengi walivyopotea. Bila wa kumsomea asingejua kama jina lake halimo.

Na hilo la kubaki na msambazaji sijaliona likisemwa vya kutosha. Msanii akigombana na lebo anawaza studio na mashabiki, hawazi kopi zitafikaje dukani. Leo maduka hayapo, ila swali ni lilelile, akaunti ya YouTube iko kwa jina la nani, nyimbo zimepandishwa na msambazaji gani, na ukitoka leo unatoka na nini. Wasanii wa Bongo waliovunja mikataba miaka ya karibuni wanajua hiyo shughuli vizuri kuliko mimi.

Uchambuzi: kilichoharibika

No Vaseline kama wimbo wa kudisi ni moto, watu wa hip hop wengi wanauweka juu kabisa, na mimi nikiuskiliza naelewa kwa nini. Ila kama uamuzi ni mbovu, nisemee hapo. Malalamiko yake kwa Heller yalikuwa ya mkataba, mirabaha na mgongano wa maslahi, mambo yanayoeleweka na yenye hoja. Kwenye wimbo akayageuza kuwa Uyahudi wa Heller. Kituo cha Simon Wiesenthal, shirika la Kiyahudi, kikataka maduka yaiondoe albamu, jarida la Billboard likaandika tahariri kuilaani, na watu ambao wangeweza kumsikiliza kuhusu mikataba wakafunga masikio. Mtu mwenye hoja nzuri alijichafulia mwenyewe. Kuna na matusi kwa mashoga humo pia, mstari baada ya mstari, hayaongezi chochote kwenye kesi yake.

Albamu hiyohiyo ilikuwa na wimbo wa kuwatishia wenye maduka Wakorea. Muktadha ulikuwepo, Machi 1991 mwenye duka Mkorea alimpiga risasi binti mweusi wa miaka 15 South Central, ugomvi juu ya chupa ya juisi ya machungwa, na Novemba, wiki chache baada ya albamu kutoka, mahakama ikampa yule mama kifungo cha nje. Hasira ilikuwa ya haki. Lakini wimbo ulitishia kuchoma maduka ya watu ambao hawakuwepo, na Aprili 1992 maduka yakachomwa kweli, sisemi kwa sababu ya wimbo, mji ulikuwa na sababu zake, ila mistari ile ilikuwa imeshaandikwa. Wenye maduka walimjibu kibiashara, wakagoma kuuza St. Ides, pombe aliyokuwa anaitangaza, mpaka Cube akakaa nao akaomba radhi. Uingereza albamu ikatolewa bila nyimbo hizo mbili. Yule aliyejizuia kwenye albamu ya 1990 asidisi wenzake, 1991 alimwaga kila kitu kwa mkupuo.

Upande wa Eazy

Haki inataka tuseme na hii. Eazy ndiye aliyeweka hela yake wakati hakuna benki wala lebo kubwa iliyotaka kusikia. Kampuni ikifa, hasara ni yake. Kwahiyo kusema mwenye lebo asipate zaidi ya msanii sio hoja. Kosa ni kwamba walijiita familia na kundi huku wanaendesha duka la mtu mmoja, na hakuna aliyesema hivyo kwa sauti siku ya kwanza wakati kila mtu bado hana kitu na kugawana kungekuwa rahisi. Asilimia zinazungumzwa vizuri wakati hakuna hela. Eazy alifariki 26 Machi 1995 kwa maradhi ya UKIMWI, na kabla ya hapo yeye na Cube walikuwa wameshaanza kuongea tena, hata habari za kurudisha kundi zilikuwepo.

Dre, kwa kulinganisha

Mtu wa kumpima naye Cube sio Eazy, ni Dre, kwa sababu walikuwa na lalamiko lilelile. Dre alisaini, akakaa, na alipofika 1991 akaona mahesabu hayaendi akataka kutoka. Yeye alitokea mlango mwingine. Alitoka na Suge Knight, na Eazy alidai mahakamani kwamba alilazimishwa kusaini karatasi za kuwaachia wasanii chini ya vitisho vya watu wenye mabomba na magongo ya besiboli. Kesi ya Ruthless ikatupwa, lebo ya Death Row ya Dre na Suge ikazaliwa, na muziki uliotoka hapo ni mkubwa kuliko chochote Cube alichorekodi, hilo silibishi. Lakini njia ya kutokea ndiyo ikawa njia ya kuishi, kwenye lebo mpya nani anaogopwa ikawa muhimu kuliko nani ana karatasi. Mwaka 1996 Dre akaondoka tena, akaacha hisa zake za Death Row mezani ili tu atoke, akaanzisha lebo ya Aftermath akiwa na miaka 31, anaanza moja kwa mara ya pili, wakati Friday ya Cube ilikuwa imeshamaliza kumbi za sinema na iko kwenye kanda za video.